Hospitali wanauliza unaumwa nini, hawaulizi unafanya kazi gani: uzi kwa wafanyakazi wa viwanda vya nguo

Dada Pamba (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wana jukwaa, wakubwa shikamooni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aurudie akitulia. Ila kama una mke, ndugu au mtoto anayefanya kazi kiwanda cha nguo, naomba usome mpaka mwisho.

Jirani yangu ana binti wa miaka 23, mwaka wa tatu sasa yuko kiwandani, upande wa kusokota nyuzi. Jumatatu ya wiki hii karudi jioni, kakaa kizingitini hata viatu hajavua, mkono kauweka juu ya kifua. Mama yake kumuuliza, anasema kifua kinabana kama kimefungwa kamba. Mama akasema ni baridi ya alfajiri, akamchemshia tangawizi. Jumatano binti yuko sawa, anacheka na wenzake bombani. Mimi usingizi ulinipaa, maana Jumatatu hiyo naijua.

Nimefanya kazi kiwanda cha nguo miaka 11. Jina lake sitalitaja, na naomba tusitaje viwanda humu, tuzungumze kazi. Kilikuwa kiwanda kinachoingiza marobota ya pamba mlango wa nyuma na kutoa vitenge na fulana mlango wa mbele. Miaka 6 ya kwanza nilikuwa kwenye kuchambua pamba na kusokota, iliyobaki nikahamishiwa kushona.

Ambaye hajaingia chumba cha kufungulia marobota hawezi kujua vumbi ninalolisema. Halifanani na vumbi la barabarani. Ni jepesi, linaelea, ukisimama dhidi ya taa unaliona linacheza hewani halitui. Baada ya saa moja kope zimekuwa nyeupe. Ukijifuta uso na kanga unaondoa utando mzima kama wa buibui. Na mwisho wa zamu tulikuwa tunasafisha mashine kwa upepo wa kompresa, kisha tunapulizana sisi kwa sisi ili tupande daladala tukiwa safi. Yaani kile kidogo kilichokuwa kimetulia chini tunakirusha tena hewani na kukivuta. Hakuna aliyetukataza. Msimamizi naye alikuwa anakuja kupulizwa.

Mwaka wa tatu ndipo kifua kilipoanza. Jumapili napumzika, nakwenda kanisani, naimba vizuri. Jumatatu naingia saa moja asubuhi sina neno, ikifika saa saba, saa nane mchana, kifua kinaanza kukaza na kikohozi kikavu. Jumanne nafuu, Jumatano nimesahau. Tulikuwa wengi na tuliona ni kawaida, tukisema mwili umezoea kupumzika ndiyo maana unagoma Jumatatu.

Hospitali nilikwenda mara nyingi. Mara ya kwanza nikapewa dawa ya kikohozi ya maji. Mara ya pili antibayotiki. Mara ya tatu wakapima makohozi, TB hakuna. Ya nne wakaandika pumu, wakanipa ya kuvuta. Kila mara nilikwenda Alhamisi au Ijumaa, siku ambazo ruhusa ilipatikana, yaani siku ambazo kifua kilikuwa kimetulia. Mwaka wa tano nikampata tabibu mmoja kijana, zahanati ndogo tu, ambaye kabla ya kunishika aliuliza, "Mama, unafanya kazi gani?" Nikamwambia. Akaweka kalamu chini. Akauliza, "Na Jumatatu unakuwaje?"

Wakuu, nililia pale pale. Miaka miwili nilikuwa nabeba jibu mwilini, na hakuna aliyeniuliza swali lake.

Kuna jambo moja lazima niliseme kabla sijawaachia. Nilipohamia kushona nilikuta daftari. Kila laini, yaani safu ya washonaji, ina daftari la sindano. Sindano ikivunjika kwenye cherehani unasimama, unatafuta vipande vyote, vinabandikwa kwa selotepu kwenye ukurasa, inaandikwa tarehe, saa, namba ya mashine na jina la opareta, ndipo unapewa sindano mpya. Kipande kikikosekana, nguo zote za pale mezani zinapitishwa kwenye mashine ya kugundua chuma, kwa sababu mteja wa Ulaya akichomwa na kipande ndani ya fulana ni kesi kubwa. Sawa kabisa, sikatai. Lakini siku sindano ilipovunjikia ndani ya kidole changu cha shahada, ikapita kucha ikatokea upande wa pili, vipande viwili vilitolewa, vikaoshwa damu, vikabandikwa kwenye daftari. Kidole kilifungwa kitambaa nikarudi mezani. Hakuna mahali pameandikwa kwamba siku ile mtu aliumia.

Sindano ina daftari, kidole hakina. Na kama kidole kinachotoka damu hakiandikwi, kifua kinachobana Jumatatu kitaandikwa na nani?

Ninachoomba: mliopitia viwanda hivi, semeni mliyoyaona. Wenye utaalamu wa afya na sheria, tusaidieni. Nataka yule binti nimpe kitu cha maana kuliko tangawizi.

---

Kaka wa Laini 4

Dada umeniamsha. Mimi nashona mpaka leo, ovaloki. Hilo la daftari la sindano ni kweli tupu, sijawahi kuliwaza hivyo.

Kwetu vumbi si kama la kusokota, ila nyuzinyuzi zipo, hasa tukishona fulana nyeusi, ukipenga makamasi yanatoka meusi. Shida yetu kubwa ni mgongo, shingo na choo.

Tunakaa kwenye mabenchi hayana egemeo. Akina dada wanakunja kanga wanakalia, msimamizi akija na wageni anasema toeni matambara. Kwa muda wa saa 9 au 10 umeinama pembe ile ile, mguu wa kulia kwenye kanyagio, mkono unarudia kitu kimoja tangu asubuhi. Mimi naunga bega. Bega tu. Tageti yangu 90 kwa saa. Usiku vidole vitatu vya mkono wa kulia vinakufa ganzi, gumba, shahada na cha kati, naamka nakung'uta mkono kama napunga nzi.

Choo: laini yetu ina watu 30 na kadi 2 za choo. Kadi zikiwa nje unasubiri. Ukichelewa kurudi nguo zimerundikana kwako na laini nzima inakukasirikia, maana tageti ni ya wote. Kwa hiyo watu hawanywi maji. Joto la mabati lile, mtu anakunywa chai asubuhi na maji tena jioni nyumbani. Dada zetu kila mara wana UTI, wanameza dawa, wiki tatu imerudi. Wajawazito ndio wananiumiza zaidi.

---

Tabibu wa Kata

Dada Pamba pole, na asante kwa uzi. Mimi ni tabibu, nitasema ninayoyajua.

Ulichokuwa nacho kinaitwa bisinosi. Wazungu wa viwanda vya pamba vya Lancashire, Uingereza, walikiita homa ya Jumatatu, wakiongelea hali hiyo hiyo uliyoieleza: kifua kinabana siku ya kwanza baada ya mapumziko. Mganga wa Italia, Bernardino Ramazzini, aliandika kuhusu vikohozi na pumzi fupi za wachambuaji wa katani na kitani mwaka 1700, kwa hiyo si jambo jipya. Vumbi la pamba linabeba mabaki ya majani na bakteria wa kwenye mmea, na sumu ya bakteria hao ndiyo inayodhaniwa zaidi kuwasha njia za hewa. Ndiyo maana hatari ni kubwa mwanzoni, kwenye kuchambua, kufungua marobota na kusokota, na inapungua pamba ikishakuwa kitambaa kilichofuliwa. Kaka wa Laini 4, hilo linakuhusu: makamasi meusi ni kero ya kweli, lakini kama hujawahi kukaa kwenye pamba ghafi uwezekano wa bisinosi kwako ni mdogo.

Inakwenda kwa hatua. Mwanzo ni Jumatatu moja moja. Kisha kila Jumatatu. Kisha Jumatatu na siku nyingine za wiki. Mwisho mapafu yanabaki yameharibika hata ukiacha kazi. Hatua za mwanzo ukiondolewa kwenye vumbi unapona. Hiyo ya mwisho hairudi nyuma. Anayevuta sigara anafika haraka zaidi.

Yule binti asiruke kipimo cha TB. Kikohozi cha wiki 2 na zaidi lazima kipimwe TB hata kama unafanya kazi gani. TB ikiondolewa, aombe kipimo cha kupuliza cha mapafu, na hapa ndipo penye siri: kifanyike siku ya kwanza ya kazi, kabla ya zamu na baada ya zamu. Akipuliza Alhamisi kipimo kinaweza kusema ni mzima.

Kaka, ganzi ya gumba, shahada na kidole cha kati usiku ni mshipa wa fahamu unaobanwa kwenye kifundo cha mkono. Wahi hospitali mapema, ukisubiri mpaka nyama ya chini ya gumba inywee utakuwa umechelewa. Ugonjwa huo na bisinosi vyote vimo kwenye orodha ya magonjwa yatokanayo na kazi ya Shirika la Kazi Duniani, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2010.

Na dada, umesema kweli kuhusu sisi. Kwenye kitabu cha wagonjwa wa nje kuna nafasi ya jina, umri, mahali anapoishi. Foleni ikiwa na watu 80, kazi ya mtu siiulizi. Nimesoma uzi huu nikakumbuka wangapi nimewaandikia UTI na kuwaambia wanywe maji mengi, bila kujua kwamba maji yenyewe wanayakimbia kwa sababu ya kadi.

---

Mzee wa Marobota

Wanangu, nimefanya kazi kwenye nguo tangu viwanda vikiwa vya umma. Sisi tulikuwa tunapewa maziwa. Pakiti moja kila zamu, tukiambiwa yanaosha vumbi kifuani. Tulikunywa kwa imani kabisa, na siku maziwa yakichelewa tuligoma. Barakoa hatukuwahi kugomea. Tabibu, maziwa yanasaidia?

---

Tabibu wa Kata

Shikamoo mzee wangu. Maziwa ni chakula kizuri, lakini yanakwenda tumboni na vumbi liko mapafuni, njia mbili tofauti. Hayaoshi chochote kifuani. Na niongeze: hata kitambaa cha kufunga puani hakizuii vumbi laini. Linalosaidia ni mashine kufunikwa na kufungiwa mifereji ya kunyonya vumbi pale pale linapozaliwa, na usafi wa kufyonza badala ya kupuliza. Barakoa nzuri inakuja baada ya hayo.

---

Mzee wa Marobota

Marahaba. Basi tuligomea kitu kisicho. Wengi niliokunywa nao hawapo.

---

Mtazamaji

Samahani naomba nitofautiane. Vijana hawana kazi, kiwanda kimoja kinaajiri watu elfu mbili, ninyi mnakuja na mifereji ya kunyonya vumbi na viti vya egemeo. Mwekezaji akiona usumbufu anahamia Ethiopia. Aliyechoka aache, getini wapo wanaosubiri nafasi.

---

Dada Pamba

Ndugu Mtazamaji, nimekuelewa na sikukasirikii, kwa sababu mimi mwenyewe nilisimama getini miezi miwili kabla ya kuingia. Kazi ile imenijengea vyumba viwili na kumsomesha mwanangu. Sitaki kiwanda kifungwe.

Lakini hesabu vizuri. Fundi aliyeshona miaka 8 anajua kazi kuliko anayesimama getini. Akiondoka kwa sababu ya kifua au mkono, kiwanda kinaanza kufundisha upya, na yeye anabaki mzigo kwa ndugu zake. Gharama ipo, imehamishwa tu kutoka kiwandani kwenda nyumbani kwa mtu. Kadi za choo kutoka 2 kuwa 5 zinamhamishaje mwekezaji? Maji ya kunywa kwenye laini? Kuacha kupulizana kwa kompresa hakuna gharama hata ya shilingi.

Marekani waliweka kiwango cha vumbi la pamba viwandani mwaka 1978, na nyuma yake walikuwepo wafanyakazi wastaafu wa viwanda vya Carolina, wazee wenye pumzi fupi, walioungana tangu 1975 kudai haki yao. Viwanda vililalamika kwamba vitakufa. Vikanunua mashine mpya zenye vumbi dogo na zinazosokota haraka kuliko zile za zamani.

---

Mwana Athi River

Salamu kutoka Kenya. Mimi nilikuwa EPZ, eneo la viwanda vya bidhaa za kuuza nje, upande wa pasi na kutoa madoa. Hapo kwa madoa naomba muandike kwa herufi kubwa. Unapewa bastola ya kupuliza dawa kwa doa la mafuta, chumba hakina dirisha, harufu tamu inaingia kichwani. Asubuhi unahisi umelewa, mchana kichwa kinagonga. Mkebe hauna jina, umetolewa kwa pipa kubwa. Wenye tumepita hapo tunafaa kuuliza kila wakati: hii ni dawa gani, karatasi yake ya usalama iko wapi? Hizo dawa za kuyeyusha mafuta zingine zinaharibu ini na figo.

Kwa pasi ni joto na kusimama. Miguu inafura, mishipa inatokeza. Tulikuwa tunaweka katoni chini ya miguu juu ya ile simiti.

Huku tuko na sheria mbili za 2007, ile ya usalama na afya kazini, na ya fidia ambayo watu huita WIBA. Ukiumia, mwajiri anafaa kupeleka ripoti kwa mkurugenzi wa usalama kazini, na madai yana miezi 12. Wengi wetu tulikuwa tunapewa siku mbili za kupumzika na soda, mwaka unaisha. Mahali pana wafanyakazi 20 au zaidi lazima pawe na kamati ya usalama, nusu iwe ya wafanyakazi. Kwetu kamati ilikuwa ni majina kwa ukuta. Nilipoingia kwa hiyo kamati nilipigania kitu kimoja tu, mlango wa dharura wa nyuma usifungwe kufuli. Ilichukua miezi minne.

---

Kaka wa Laini 4

Mwana Athi River, hilo la kufuli halina utani. Rana Plaza kule Bangladesh, jengo la viwanda vya nguo lililoanguka 24 Aprili 2013, walikufa watu zaidi ya 1,100. Nyufa zilionekana siku moja kabla. Benki na maduka ya chini yalifunga, watu wa kushona wakaamriwa warudi juu. Miezi mitano kabla yake kiwanda cha Tazreen, huko huko, kiliungua na watu zaidi ya 110. New York 1911, kiwanda cha Triangle, moto uliua 146, milango imefungwa wasije wakatoka na vitambaa. Miaka zaidi ya 100 na kufuli ni lile lile.

---

Dada Pamba

Kweli kaka. Na baada ya Rana Plaza kampuni za Ulaya zilisaini makubaliano, majengo yakakaguliwa, milango ikabadilishwa. Ilikuwa haki. Jengo likianguka dunia nzima inaliona kwenye televisheni. Mapafu ya mtu yakianguka yanaangukia chumbani, usiku, amekaa kitandani kwa sababu akilala hapati hewa. Uturuki walikuwa wanapuliza mchanga kwenye jinzi ili zionekane zimechakaa, vijana wakajaa mchanga mapafuni, serikali ikapiga marufuku mwaka 2009. Waliokwisha kuugua hawakupona. Ndiyo maana nasisitiza kuandika mapema.

Kuna mtu wa sheria wa Tanzania?

---

Msomi wa Kazi

Nipo. Kwa ufupi.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ni Namba 5 ya mwaka 2003, inasimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini. Inamtaka mwajiri apime afya ya mfanyakazi kabla ya kumpanga kazi na baadaye kila kipindi. Kile kipimo cha mwanzo ni silaha yako: kinaonyesha uliingia ukiwa mzima. Ukipimwa, ulizia matokeo, usikubali kuambiwa tu "uko fiti".

Fidia iko chini ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mchango wote unatoka kwa mwajiri, mshahara wako haukatwi hata senti. Mfuko unalipa ajali na pia magonjwa yanayotokana na kazi, na hapa ndipo watu wanapopotelea, wanadhani ni kukatwa mkono tu. Mpe taarifa mwajiri mara moja, kwa maandishi, baki na nakala yenye tarehe. Akipuuza, nenda mwenyewe ofisi ya WCF. Usisubiri mwaka upite.

Kwa ugonjwa kama wa dada, kinachoua madai ni kukosa kumbukumbu. Kitabu chako cha hospitali kinasema "kikohozi". Hakisemi "msokotaji wa pamba, kifua hubana Jumatatu". Mwambie daktari aandike kazi yako. Ni haki yako kusema, naye atakuandikia.

---

Mfumaji

Mmesahau masikio. Nipo kwenye mashine za kufuma. Tunaongea kwa midomo na mikono, tumezoea kusomana. Nyumbani watoto wanasema baba unapiga kelele, redio naisikia wao wakisema inaumiza. Nimepewa vizibo vya masikio mara moja, 2021.

---

Tabibu wa Kata

Mfumaji, kama lazima upaze sauti kwa mtu aliye umbali wa mkono, kelele imeshazidi. Masikio hayaumi yakiharibika, na yakishaharibika kwa kelele hayarudi. Omba kipimo cha kusikia mwezi huu.

---

Dada Pamba

Wapendwa nimerudi. Nilikaa na yule binti Jumapili. Nilimnunulia daftari la kurasa 48, nikamchorea mistari: tarehe, saa, nimefanya kazi gani leo, kifua. Nikamwambia aliandike kama wanavyoandika sindano. Ameniruhusu niweke wiki yake ya kwanza humu, na Jumatatu ijayo tunakwenda pamoja hospitali ya wilaya, alfajiri kabla ya zamu na jioni akitoka. Nimeshaongea nao, kipimo cha kupuliza wanacho.

Jumatatu. Kufungua marobota. Saa 8 mchana kifua kimebana, kikohozi kikavu, nimeshindwa kupanda ngazi za stoo bila kupumzika.

Jumanne. Marobota. Saa 9 kimebana kidogo.

Jumatano. Kusokota. Sijambo.

Alhamisi. Kusokota. Sijambo. Tumesafisha kwa upepo, nimetoka nje wakati wa kupuliza, msimamizi ameuliza kwa nini, nimemwambia.

Ijumaa. Kusokota. Sijambo. Wenzangu wawili wameomba niwachoree mistari.